Kamba ya Waridi na Difu ya Kujifunga

Jumamosi, 6 Julai

Miezi kumi na minne sasa, kamba ya rangi ya waridi inaning'inia mbele ya gari langu. Chama chetu cha madereva wa kupanda majabali kwa gari kina sheria moja tu inayoheshimiwa: ukikwama ukavutwa, unaivaa, na huivui mpaka nawe umvute mwingine. Aliyenivuta ni shemeji yangu Lamar, kaka wa mke wangu Nedra, kiongozi wa msafara, mtu mwenye meno mengi. Ilikuwa pale Ngazi ya Askofu, jabali lenye vidato kama ngazi. Tairi langu moja la nyuma liko hewani, linazunguka kama feni, lile jingine limetulia chini kama mgeni wa heshima.

Leo posta mama mmoja kaniuliza kama kamba hiyo ni ya kampeni ya saratani ya matiti. Nimemjibu ndiyo. Kanikumbatia.

Nimeapa. Tarehe 27 tunapanda tena Ngazi ya Askofu. Kamba itatoka.

Jumanne, 9 Julai

Dukani kwa Orval, muuza vipuri. Nimemweleza kwamba kosa halikuwa langu, lilikuwa la difu, ule mtambo wa chini unaogawia matairi nguvu. Difu ya kawaida ina huruma ya kijinga: tairi linaloelea ndilo hupewa nguvu zote, lililoshika ardhi halipewi kitu. Orval kakubali. Kasema ziko dawa tatu. Ya kwanza inabana kidogo tu. Ya pili ni ya kitufe: unabonyeza, upepo unaingia kwenye mrija, matairi ya nyuma yanafungwa pamoja, ukifika lami unafungua. Ya tatu inajifunga yenyewe muda wote, na kwenye kona inatakiwa ijiachie yenyewe.

Kisha akaanza kunihoji kama daktari, ajue kama hiyo ya tatu inanifaa. Je, gari hilo hilo unaendea mjini kila siku? Nikasema hapana. (Ndilo gari letu pekee.) Je, ni fupi? Hapana. (Ni fupi kama buti.) Je, unaliendesha kwenye theluji? Hapana. (Tunaishi Utah, futi elfu sita juu.)

Bado akashauri ya kitufe. Nikamuuliza Lamar anayo ipi. Akasema ya kitufe. Basi, mjadala ukaishia hapo. Nimechukua ya kujifunga yenyewe. Mwanamume haombi ruhusa kwa kitufe.

Orval kanisindikiza mlangoni akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemwonyesha guu. Zima kabisa.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeifunga mwenyewe. Muda wa saa tisa chini ya gari. Oili ya difu imeingia nyweleni, na Nedra kasema harufu yake ni ya samaki aliyekata tamaa. Difu ilikuja na karatasi ya maelekezo, kurasa kumi na mbili za maandishi madogo. Nimepangusia mikono. Nedra kaiokota, kainyoosha, kaenda nayo ndani. Huyu mwanamke hatupi kitu.

Jumapili, 14 Julai

Tumechelewa kanisani kwa dakika nne. Si kosa langu, ni viazi vya kupeleka msibani kwa mzee Farnsworth vilivyokawia kwenye oveni. Nimekata kona ya kuingilia uwanja wa kanisa nikiwa nimekanyaga mafuta. Huko nyuma difu ikalia PAA. Gari likaruka pembeni. Bakuli la viazi likatoka mapajani mwa Nedra likaenda kutua kwenye kioo cha mbele, na vipande vikavu vya mahindi vilivyonyunyizwa juu yake vikaingia kwenye matundu ya upepo.

Ndani walikuwa katikati ya sala. Askofu wetu, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, kaniuliza baadaye kama bunduki ilikuwa imesajiliwa.

Nedra kaosha bakuli. Amekaa jikoni anasoma ile karatasi.

Jumanne, 16 Julai

Nimekutana na Lamar kituo cha mafuta. Nilipokata kona kuingia, PAA. Lamar akacheka na meno yake yote: "Shemeji, gari lako linakohoa. Lipeleke hospitali." Nikamwambia linasafisha koo, tarehe 27 litamwimbia. Akaitazama kamba ya waridi, akasema rangi inanipendeza.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mama mkwe, Bibi Afton, miaka tisini na mmoja, amechaguliwa kuongoza gwaride la Siku ya Waanzilishi, tarehe 24. Imepangwa apande gari la Lamar. Nimempelekea pakiti ya peremende za chumvi, nikamweleza kwa upole kwamba viti vya Lamar ni laini mno, atasinzia mbele ya mji mzima. Kafikiri kidogo. Kasema mwaka jana alisinzia kweli, mdomo wazi, na gazeti likachapa picha.

Atapanda langu.

Jumatano, 24 Julai

Naandika yaliyotokea, si porojo zitakazosemwa.

Saa tatu asubuhi. Mbele farasi sita wa bendera, nyuma yao mimi, na Bibi Afton amefungwa mkanda kiti cha nyuma, shela jeupe begani, anapunga mkono. Barabara kuu nzima gari lilikwenda vizuri. Watu wakapiga makofi. Nikamwona Lamar kando ya barabara, ameshika kiti cha kukunja, amenuna. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Kisha kona. Ni kona ya mraba, kama kona zote za mji huu. Farasi walikuwa wamepunguza mwendo, nami nikaogopa Lamar atadhani gari limezimika, kwa hiyo nikakanyaga kidogo. Kidogo tu.

PAA.

Farasi wawili walikwenda bustani ya daktari wa meno. Watatu walipita kwenye meza ya watoto wanaouza maji ya limau. Wa sita alikutwa saa sita mchana nyuma ya maktaba, anakula maua, bado ana bendera. Hakuna aliyeumia. Bibi Afton alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia, "Verl mwanangu, zunguka tena, wale wa nyuma hawakuona."

Nedra alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili, akanyoosha mkono. Sikumpa ufunguo. Aliuchukua.

Alhamisi, 25 Julai

Mkutano wa jikoni. Nedra kasema gari ni lake mpaka atakapobadili nia, na Jumamosi ama anaendesha yeye ama hatuendi. Kisha kafungua ile karatasi, ina alama za vidole vyangu vya oili, kanisomea ukurasa wa nne kama anamsomea mtoto. Ukifika kona unaachia mafuta, gari linaserereka lenyewe, tairi la nje linapata nafasi ya kukimbia. Ukishanyooka ndio unakanyaga. "Wewe unakanyaga kila mahali, Verl. Hata kwenye ndoa."

Akanipakia, tukaenda mpaka duka la mikate na kurudi. Kona kumi na moja. Halikulia hata mara moja.

Kabahatisha. Kona zenyewe zilikuwa pana.

Jumamosi, 27 Julai

Ngazi ya Askofu. Mimi kwa miguu, naelekeza kwa mikono. Nedra haitazami mikono yangu. Akapanda taratibu, mwendo wa mtu anayekwenda kuazima sukari. Tairi moja likainuka hewani, lile lile la mwaka jana, lakini lile jingine likashika jabali, likasukuma, gari likafika juu. Chama kizima kikapiga honi. Nilimwambia kila mtu kwamba difu ile nilichagua mimi na nikaifunga mimi.

Akafuata Lamar. Katikati ya ngazi akabonyeza kitufe chake. Kimya. Akabonyeza tena. Jiwe lilikuwa limekata mrija wa upepo. Tairi likaelea, likaanza kuzunguka kama feni.

Namshukuru Mungu kwa kunipa macho. Niliikata ile kamba ya waridi kutoka kwenye gari langu, nikashuka nayo mbio, nikaipachika kwenye ndoano ya Lamar kwa mikono yangu mwenyewe. Nedra akamvuta kwa mnyororo. Lamar akapanda kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nilikuwa natokwa machozi. Nikamwambia, "Shemeji, rangi itakupendeza."

Hapo katibu wa chama akakohoa. Akatoa kijitabu cha sheria. Kamba ni ya dereva, si ya gari. Aliyevuta ni nani? Nedra. Nedra hajawahi kuvutwa, kwa hiyo hana kamba ya kuvua. Mimi sijavuta mtu, kwa hiyo yangu inarudi. Na Lamar? Katibu akafungua sanduku. Kumbe wanazo za akiba.

Kiongozi aliyevutwa haongozi tena, kwa hiyo wakapiga kura ya kiongozi mpya wa msafara papo hapo, mimi nikiwa bado nabishana kifungu cha tatu. Nedra kashinda kwa kura zote. Lamar ndiye aliyempendekeza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Njiani kurudi nilikaa kiti cha nyuma, maana Bibi Afton, aliyekuja kushangilia, alitaka kukaa mbele.

Jumatatu, 29 Julai

Nimetafakari siku mbili, na kosa nimeliona. Ni nusu tu ya gari iliyojifunga. Matairi ya mbele bado yana difu yenye huruma ya kijinga. Nikifunga na ya mbele, hakuna jabali Utah litakalonizuia, na mwakani nitamvuta mtu. Ikibidi nimvute Nedra.

Orval kauliza maswali yale yale matatu. Nimemjibu yale yale matatu. Kasema difu hiyo ikiwa mbele, kwenye lami usukani utapigana nami kila kona. Nimemwambia nina mikono miwili. Kauliza pia kama ufunguo wa gari ninao. Kufunga difu hakuhitaji ufunguo, kunahitaji jeki, na Jumatano jioni Nedra yuko kwaya.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Karatasi ya maelekezo nimeiacha pale pale dukani, ndani ya pipa la taka, asije akaisoma mtu.