Malalamiko Kuhusu Mwalimu Aliyesubiri

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni dada wa yule mvulana mliyempa nafasi ya kidato cha kwanza, ambaye nyumbani tunamwita Redio. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mbele ya watu ulimi wangu huwa jiwe, tena katika lugha zote mbili ninazofundishwa.

Kwa heshima kubwa, naomba mumnyime nafasi hiyo. Sababu zangu ni hizi:

1. Mimi na Redio tuna mapatano. Herufi humchezea shere, kwa hiyo mimi humsomea kila kitu: kitabu cha jiografia, jina la dawa ya kikohozi, hata bango la kinyozi. Yeye naye hunisemea. Wageni wakiniuliza hali, yeye ndiye huwajibu kwamba sijambo. Akijua kusoma, nani atamwambia fundi cherehani kwamba sketi inanibana?

2. Shule mbili tulizotembelea kabla ya yenu zilikuwa na adabu. Mama aliposema mmoja wetu ana shida ya kujifunza, walimu walinitazama mimi. Si ajabu: Redio alikuwa anapiga soga na karani, mimi nahesabu vigae vya sakafu. Shule ya kwanza walinipa vibao vya rangi nivipange. Nikavipanga, wakanipigia makofi. Nakiri sikuwasahihisha; sijapigiwa makofi tangu chekechea. Shule ya pili walimsifu Redio kwa kunitunza vizuri, naye msaliti akashukuru. Kwenu hakuna aliyekosea. Jambo hilo limeniuma.

3. Hili ndilo kubwa. Mwalimu wenu wa kusoma, yule mwenye miwani ya kamba, alimpa Redio ukurasa. Redio akakwama neno la tatu. Nikafungua mdomo nimtajie, kama kawaida yangu. Mwalimu akaniambia, "Usimtajie, mwanangu. Tuna muda." Kisha akasubiri. Saa ya ukutani ilikula dakika nne nzima, mama amekumbatia mkoba wake kama ataporwa. Neno likaja. Lilikuwa "kifuniko", na Redio akalirudia mara mbili bila kuombwa.

Miaka sita nimemtajia maneno kabla hajayafikia, nikidhani ni wema. Mwalimu wenu, kwa dakika nne tu, amenifanya nijione mwizi.

4. Kwa hiyo mkataeni. Mkishindwa, nipokeeni na mimi kidato cha kwanza, ingawa niko cha tatu. Mkishindwa na hilo, mwalimu yule ahamishiwe mahali pasipo na subira, kama vile kikosi cha zimamoto.

Wasalimieni walimu wote, mpishi, na mlinzi wa getini, ambaye Redio anasema tayari ni rafiki yake.

Ni mimi, mtiifu na mkimya,
Dada wa Redio

Tanbihi: Nilimpa Redio barua hii aitie kwenye bahasha, akaketi kuisoma. Alianza tulipotoa vyombo vya mchana, akamaliza mama anaanua nguo. Sikumtajia hata neno moja; nilijiuma kidole. Anasema kesho niilete mwenyewe pamoja na fomu yake, na nikifika ofisini niwaambie kwa mdomo wangu kwamba anakuja. Atasimama kando yangu, lakini hatanisemea.

Tafadhali, mnisubiri.