Kijani cha Chilanzi

Tangazo lilibandikwa mlangoni na kupigwa mhuri mara mbili: kuanzia Jumatatu, njaa itakuwa na rangi.

Bwana Bushiri, Kaimu Mkurugenzi wa Ofisi ya Tathmini ya Utoshelevu wa Chakula, alilisoma kwa sauti mbele ya watumishi wake. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Nchi nzima ilikuwa inabinafsishwa, na yeye alitaka kitu kimoja tu: neno "Kaimu", lililomng'ang'ania kama kupe, liondoke kwenye cheo chake.

"Kompyuta imeshapewa masharti," alisema. "Kijiji chenye akiba chini ya magunia mia, kisanduku chake kwenye jedwali kitageuka chekundu chenyewe, bila kumwuliza mtu."

Hilo la kutomwuliza mtu ndilo lililoleta balaa. Paulina, mpiga chapa, alipomaliza kuingiza takwimu, kioo chote kiliiva kama nyanya za sokoni.

"Hii nini?"

"Njaa, bosi. Ya Chilanzi imekoza kuliko zote. Mama yangu yuko huko, wanasubiri mahindi ya msaada."

"Njaa naiona. Nauliza kwa nini nyekundu, na keshokutwa mgeni rasmi anatoka Dar."

"Si ulisema chini ya mia iwe nyekundu?"

"Nilisema kabla sijaona matokeo. Weka chini ya mia iwe kijani. Na akiba ikizidi kupungua, kijani kizidi kukoza."

"Na mahindi ya mama?"

"Taratibu zote zitazingatiwa, binti."

Hivyo njaa ya wilaya ilikomeshwa kabla ya chai ya saa nne, bila gunia hata moja kutoka ghalani.

Mgeni rasmi alikuwa mtu wa mwili, na chai aliyoinywa njiani Gairo ilikuwa imeshamwishia tumboni. Aliinamia kioo, akagusa kisanduku cha Chilanzi.

"Hapa ndipo penye neema. Mchana tutakula hapa."

Bwana Bushiri alijua Chilanzi hakuna hata cha kupika. Lakini cheo kilikuwa karibu kiasi cha kunusika. Akasema hilo ni wazo la kimkakati.

Wakubwa wakienda ziara, kijiji huchinja, ndiyo desturi. Basi msafara ulipita Bahi bila kubeba hata biskuti.

Huko Chilanzi walipokelewa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Joshua.

"Mbukwenyi, wageni wetu," akawaamkia kwa Kigogo. "Kaeni mkekani."

Wakaletewa bakuli. Ndani yake mlikuwa na mlenda, ile mboga ya kuteleza ya kulia ugali, umetulia, unang'aa. Mgeni rasmi alisubiri. Akageuza shingo kuelekea jikoni, akasubiri tena.

"Mzee, na ugali?"

"Paulina alitutumia salamu kwa basi la jana kwamba huko ofisini sisi ni kijani," Mzee Joshua alisema kwa upole. "Tukaona ugali utaharibu rangi."

Chakula cha mwenyeji hakikataliwi. Mgeni rasmi aliunywa mlenda wote, akakomba bakuli kwa vidole, kisha akaandika amri ya mahindi juu ya boneti ya gari, kalamu ikimteleza mkononi.

Wiki iliyofuata neno "Kaimu" lilifutwa kwenye mlango wa Bwana Bushiri, kama alivyotaka. "Mkurugenzi" lilifutwa kwa brashi hiyohiyo. Akahamishiwa Chilanzi, kituo ambacho, kwa mujibu wa jedwali lake mwenyewe, hakina shida yoyote.