Chatu wa Kasoli na Shahada Yangu ya Mazingira

Jumamosi, 3 Agosti 1996. Kasoli.

Maisha yangu yamepangika! Asubuhi nilikuwa binti wa Mzee Masalu, aliyemaliza kidato cha sita na kurudi nyumbani kupukuchua mahindi. Mchana nikawa Mtaalamu wa Mazingira. Bado mambo madogo madogo tu.

Bwana Joakim wa mradi wa hifadhi ya ardhi alisimamisha pikipiki ofisi ya kata na kutangaza. Wafadhili watamsomesha msichana mmoja, mmoja tu kwa Bariadi na Maswa zote, shahada ya mazingira chuo kikuu. Sharti: awe na kazi ya hifadhi aliyoifanya mwenyewe kijijini kwake. Wakaguzi watakuja kuiona Jumamosi ijayo.

Nimechora maisha yangu kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda. Shahada. Afisa. Afisa Mwandamizi. Mkurugenzi. Gari jeupe lenye antena ndefu. Nimelala chali nikaliangalia lile gari mpaka shingo ikauma.

Baba aliuliza mtu akishasoma mazingira anatibu nini. Nikasema anatibu dunia. Akasema dunia haijamlalamikia, ng'ombe ndio wanaolalamika. Kisha akanikumbusha: mambo yangu yasipoiva, Jumatatu tarehe 12 naanza kazi kwa baba mdogo Mayige, ukarani wa mizani. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, baba mdogo amegeuka kampuni. Ana mizani, turubai na muhuri. Nikiwaza kusimama pembeni ya mizani ile mpaka nizeeke, miguu inawasha.

Tatizo: sina kazi yoyote ya hifadhi.

Tatizo la pili: Goodness wa Binza. Tulilala bweni moja Tabora. Anayo bustani ya miche. Bila shaka alianza kuipanda akiwa tumboni.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeanzisha msitu. Nilichukua miche ya mipapai nyuma ya nyumba ya katekista wakati wa misa, nikaipanda mbele ya nyumba kwa mstari. Ilinyooka kama wanafunzi paredini. Ardhi ilikuwa ngumu kama sufuria. Nilimwagia maji ya kuogea.

Jioni mbuzi wakarudi kutoka machungani.

Katekista amepita kuulizia miche yake. Nikamwonyesha mbuzi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimekuwa kipofu! Kazi ya hifadhi ipo, tena kubwa, nyuma ya nyumba yetu. Ngitili! Yale majani ambayo kila mzee mwenye ng'ombe huyafungia mvua zinapoanza, asiingie mnyama hata mmoja, mpaka kiangazi kikaze na kwingine kote kuwe vumbi. Ya kwetu imenifika kiunoni. Migunga imechipua katikati. Ndege wamejaa. Maisha yangu yote nimekuwa nikiiita "kule nyuma".

Nilikimbia hadi ofisi ya kata. Nikamwambia Bwana Joakim kwamba kwetu ipo ngitili, wazo langu na jasho langu. Alivua kofia. Akasema wakubwa wanaipenda sana ngitili siku hizi kuliko miche, kwamba hayo ndiyo maendeleo endelevu yenyewe. Akaniandika: Eufrasia Masalu, Kasoli, Jumamosi mchana, baada ya Goodness.

Baada ya Goodness. Vizuri. Wataonja uji kabla ya pilau.

Nimerudi nikamkuta Baba anaondoa miiba langoni. Ngitili inafunguliwa Jumatano. Ng'ombe wamebaki mbavu, anasema. Kufika Jumamosi litabaki vumbi na mavi.

Sijala.

Jumanne, 6 Agosti

Nilimwomba Baba asogeze mbele, siku nne tu. Akauliza nani atawaeleza ng'ombe. Nikamweleza juu ya rutuba, mmomonyoko na vizazi vijavyo. Akasema yeye ana kizazi kimoja tu mbele yake, na kinamchelewesha.

Kichwa kilizunguka asubuhi yote. Nilitembea kati ya jiko na zizi mpaka kuku wakahama. Ndipo likaja. Sijui lilitoka wapi. Hapo ndipo tofauti yangu na Goodness ilipo.

Nilimkuta Bibi Nyanjige anavuta ugoro. Nikainama, nikamnong'oneza kwamba nimemwona chatu ndani ya ngitili. Mnene kama paja. Nikamsihi asimwambie mtu.

"Mayu, mama yangu, mdomo wangu ni kaburi," akasema, na hapo hapo akaanza kutafuta kandambili zake.

Jumatano, 7 Agosti

Ngitili haikufunguliwa!

Wachungaji wote wamekataa. Kisimani wanasema chatu ana kilemba kichwani. Wanasema ndiye aliyemmeza ndama kule Sola mwaka juzi. Mama mmoja amenieleza mimi rangi ya macho yake. Baba aliingia na fimbo, akazunguka, akatoka akasema humo mna kwale tu. Hakuna aliyemwamini. Ng'ombe wamepelekwa mbali mtoni, na Baba amekwenda nao mwenyewe, kwa miguu, na goti lake lile bovu. Alirudi anachechemea. Nilimpelekea maji ya moto. Nikajisikia vibaya kidogo. Shahada nikiipata nitamnunulia viatu.

Jambo moja la ajabu. Choo chetu kiko upande wa ngitili. Tangu jioni naogopa kwenda.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane.

Sikukuu ya wakulima, Bariadi mjini. Pamba, maboga, ngoma. Goodness alikuwepo na meza yake. Miche ndani ya mifuko, kila mmoja na kibao chenye jina la Kilatini. Nywele ameweka dawa. Akaniuliza kwa Kiingereza kama bado nina nia. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nia ninayo na ngitili ninayo. Akasema amesikia Kasoli hakuna ngitili, kuna uvumi.

Damu ikapanda. Na wakati huo huo nani anasimama kando yetu? Mzee Ngeleja, mkuu wa wayeye, wale wanaokamata nyoka na kucheza nao ngoma. Amevaa njuga, tayari kwa mashindano.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu. "Ni wewe uliyemwona?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifikiri kusema hapana. Lakini nikisema hapana, kesho ng'ombe wameingia. Na Goodness alikuwa ametabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikasema hata ndege wakiruka juu yake wananyamaza.

Ngeleja alifumba macho kwa furaha. Kundi lake halijapata chatu wa maana tangu wapinzani wao walipoleta wa kwao, akasema, na watu wote wakawahama. Atakuja kumchukua.

Nikauliza lini.

Kesho kutwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Mawazo siku nzima. Nyoka asiyekuwepo lazima ahame. Ahamie wapi? Binza! Kwenye bustani ya Goodness! Nilicheka peke yangu jikoni. Nilimtuma mpanda baiskeli mmoja kwa Ngeleja: chatu ameonekana akielekea Binza, nyumbani kwa akina Goodness, bustanini, awahi.

Jibu limerudi jioni. Mzee Ngeleja anashukuru sana. Anasema basi ni wawili, dume na jike. Wenzake wa Sola watapitia Binza asubuhi, yeye na kundi lake watakuja Kasoli, mchana wote wakutane kwetu.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nimejifungia ndani.

Ngoma zilianza kabla ya chai. Kasoli nzima ilikuja. Wayeye waliingia kwenye ngitili yangu kwa mstari, wakipiga majani kwa fimbo na kuimba, na nyuma yao watoto, na nyuma ya watoto kina mama, kila mtu anakanyaga. Mchana wale wa Sola wakafika na njuga zao, wakakanyaga palipobaki. Migunga ililala chini. Kwale walihama wilaya.

Walimkamata kobe.

Baba alisimama langoni akitazama. Akaona watu wameingia wengi na hakuna aliyemezwa. Akaondoa miiba, akapiga mluzi. Ng'ombe wakaingia mbio. Sijawahi kuwaona na furaha kama ile.

Na hapo gari jeupe likasimama. Antena ndefu.

Alishuka Bwana Joakim, na mama mmoja wa chuo kikuu, Daktari Philomena, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akatazama ng'ombe, ngoma na kobe. Akauliza kwa upole ngitili hii ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akauliza niliifunga lini.

"Mvua zilipoanza," nikasema. "Novemba. Kwa mikono yangu."

Baba alikuwa amesimama pale. Goti limevimba tangu Jumatano. Hakupandisha sauti.

"Novemba ulikuwa Tabora shuleni, ng'wanone. Mimi ndiye niliyekata miiba."

Bwana Joakim akarudisha kofia kichwani. Daktari akaandika neno moja tu, fupi. Kisha Mzee Ngeleja akatokea majanini amejaa vumbi, kobe mkononi, akaniuliza mbele ya wote chatu wake yuko wapi.

Nafasi amepata Goodness. Bwana Joakim alinieleza akiwa anapanda gari, pengine kwa huruma. Miche yake ilikuwa ya kawaida, akasema. Lakini walipofika Binza asubuhi walikuta wayeye wanacheza katikati ya bustani, kijiji kizima kinapiga makofi, na Goodness anazunguka akieleza majina ya miti. Kitu hicho wafadhili wanakiita ushirikishwaji wa jamii. Walipiga picha nyingi. Hawajawahi kuona msichana aliyewavuta watu vile.

Mimi ndiye niliyewapeleka! Mimi!

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Baba alikwenda na kurudi, akaketi, akaniambia nilipige pasi shati la kazi, baba mdogo Mayige anataka karani nadhifu. Nilimkanda goti. Nikamwambia sitadanganya tena. Akasema vema.

Nimefuta ukuta. Gari limegoma kufutika.

Nimekaa nikiutazama huo mkaa, na moyo hautulii. Kuna jambo Daktari Philomena alilisema jana kwenye dirisha la gari, si kwangu, kwa Joakim. Kwamba mwakani kutakuwa na ufadhili mwingine, wa wanyamapori, na kwamba hakutegemea kukuta kobe wa aina ile huku.

Kobe wa aina ile!

Ngeleja alimwacha, hana kazi naye. Nimemfungia ndani ya debe chini ya kitanda. Anakula majani ya papai yaliyoachwa na mbuzi. Kesho nitakwenda naye kwenye mizani, atakaa chini ya turubai. Barua kwa Daktari nimeshaianza: kituo changu cha hifadhi ya kobe, Kasoli, kilichoanzishwa nikiwa darasa la sita. Kinachonisumbua ni kwamba kituo kina kobe mmoja, na wakaguzi watataka kuona kundi. Lazima watu waanze kuwatafuta na kuniletea.

Nimemwambia Bibi Nyanjige, kwa siri kabisa, kwamba supu ya kobe inaponya goti, na anayejua kuipika ni mimi tu.

Ameapa hatamwambia mtu. Sasa hivi anatafuta kandambili.