Goti la Kubebesha

Jumatatu, 6 Novemba 2006
Goti la kulia limegoma tena. Miaka kumi na tisa nachuchumaa kitaluni Naliendele nikibebesha mikorosho: kikonyo cha mti bora juu ya mche wa kawaida, funga nailoni, ngoja kichipue. Leo Mama Happiness, mwenye kitalu, katangaza kwamba Ijumaa atatukagua. Asiyeweza kuchuchumaa atahamia getini, awe mlinzi. Bakari, mbebeshaji mwenzangu, kanitazama. Yeye huchuchumaa kutwa kama chura. Mimi, getini? Bora nife.

Jioni kwa Daktari Faraja. Kasema gegedu la goti, ule mto wa kati ya mifupa, limesagika. Nikauliza dawa. Kasema huko nje wanachunguza seli shina za kwenye uboho wa mfupa, huenda siku moja zikaotesha gegedu jipya. Bado ni utafiti, hapa hakuna. Kanipa vidonge na fimbo. Kuotesha! Anadhani mimi kazi yangu nini?

Jumanne, 7 Novemba
Mikindani, buchani kwa Omari. Nimetaka muundi wa ndama. Lazima ndama, kikonyo huwa kichanga. Kauliza supu ya watu wangapi. Nikasema wa mmoja.

Jumatano, 8 Novemba
Nimechanja goti kwa kisu cha kubebeshea, nikapakaza uboho, nikafunga nailoni. Kazi safi, hata Bakari angekiri. Mke wangu Rozalia kahamia chumba cha watoto. Anasema nanuka bucha. Mbwa wa jirani kanisindikiza mpaka kazini.

Alhamisi, 9 Novemba
Goti limevimba, la moto, linapwita. Linachipua! Rozalia analia, anataka twende hospitali. Nimemwambia mche haufunguliwi kabla ya wiki tatu.

Ijumaa, 10 Novemba
Naona aibu hata kuandika. Mama Happiness alipofika kwangu, Bakari akawahi kumwomba nipewe meza na kiti, nibebeshe nimekaa, maana kitalu kizima hakuna mkono kama wangu. Mama akakubali. Alishakubali! Mimi nikasema sitaki huruma ya Bakari, goti limepona. Nikachuchumaa. Sikuinuka. Usaha ukatiririka chini ya nailoni, watu wote wanaona. Bakari ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, njia nzima ananiita kaka na kuniomba nivumilie. Nililia, wala si kwa maumivu tu.

Jumatatu, 20 Novemba
Nimetoka wodini. Nimeponea chupuchupu kukatwa mguu. Daktari Faraja kanieleza kwa upole kwamba seli hizo huchukuliwa kwenye mfupa wa mgonjwa mwenyewe, zikakuzwa maabara na wataalamu. Ndama hahusiki. Goti sasa halikunjiki kabisa.

Jumatano, 22 Novemba
Getini. Mistari yangu ya miche kapewa Bakari. Saa nne kaniletea chai, nikaiacha mpaka ikapoa.

Kutwa nawaza nilikosea wapi, na nimepaona. Mbegu ya kigeni haishiki. Daktari mwenyewe kasema uboho uwe wangu. Mguu wa kushoto ni mzima kabisa. Nimeazima keke kwa Mathayo seremala. Nimemwambia natoboa mlango niweke kitasa.