Hotuba ya Uzinduzi wa Kituo cha Kung'arisha Vikinga Vyeupe vya Farasi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ambaye amenipokea. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye amempokea Mwenyekiti. Mheshimiwa Mkurugenzi Mstaafu wa Magwaride, ambaye bado hajarudisha ufunguo wa ofisi. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mliofika na mliotuma kofia zenu ziwakalie viti. Daktari wetu wa mifugo. Masaisi wote, yaani nyinyi watunza farasi mliosimama kule juani. Farasi wa daraja la kwanza, farasi wa daraja la pili, na farasi walio katika likizo ya ugonjwa. Mabibi na mabwana. Kama kuna mheshimiwa niliyemruka, anyanyuke ajitaje mwenyewe, kwa sababu leo sitaki kikao cha malalamiko.

(Mheshimiwa mmoja ananyanyuka, anajitaja, anakaa. Makofi.)

Mimi, kama Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Farasi wa Gwaride, nimesimama mbele yenu asubuhi hii nikiwa na furaha isiyo na kifani kuzindua Kituo cha Kisasa cha Kung'arisha na Kurefusha Maisha ya Vikinga Vyeupe, jengo mnaloliona nyuma yangu, lenye mlango wa buluu, madirisha sita, na paa ambalo halitavuja kamwe. (Makofi.) Lakini kabla sijakata utepe, naomba nieleze, kwa sababu mimi ni mtu wa kueleza, na mke wangu ni shahidi.

(Mke wake anaangalia saa.)

Kikinga cha farasi ni nini? Ni vazi nene la mpira laini na kitambaa, linalozungushwa kwenye mguu wa mbele na kufungwa kwa mikanda ya kunata, ili farasi anapotembea kwa madaha, ukwato wake wa nyuma usije ukaupiga mguu wake wa mbele. Kwa lugha ya kitaalamu tunasema ni nyenzo ya kimkakati ya kupunguza migongano ya ndani kwa ndani.

(Sauti kutoka juani: "Kwa lugha yetu ni kiatu, Mheshimiwa! Na kile kilicho mezani kwako ni cha Shangazi!")

Nimekusikia, Mama Saisi. Kwa faida ya wageni, aliyesema ni saisi wetu wa siku nyingi, na Shangazi ni huyo farasi jike ambaye saisi huyo amemshika hatamu, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kuingiza kichwa katika kila dirisha kusikiliza mambo yasiyomhusu. (Vicheko. Shangazi anasimamisha masikio.) Ni kweli kwamba vikinga viwili vilivyo hapa mezani, juu ya kitambaa chekundu, ni vyake. Vimeletwa kwa ajili ya maonyesho, na maonyesho hayana haraka.

(Mama Saisi: "Yeye anayo haraka, baba! Saa tano anaingia uwanjani mazoezini, na sasa ni saa tano kasoro!")

(Daktari wa mifugo anasimama: "Mheshimiwa, kwa ruhusa yako. Juzi alitoka bila vikinga akajipiga kwenye mshipa wa mguu wa kushoto. Akijipiga hapohapo mara ya pili, nitalazimika kuandika kwamba hafai tena kazi. Ataondolewa hapa." Anakaa.)

Asante, daktari, kwa mchango huo, tutauingiza kwenye ripoti. Suala la mguu wa kushoto liko mezani.

(Mama Saisi: "Kilicho mezani ni kiatu! Mguu uko hapa!")

Naomba utulivu. Waheshimiwa, ili mfahamu tulipofika, hamna budi kufahamu tulikotoka. Miaka mitatu iliyopita nilipewa idara ambayo vikinga vyake vilikuwa na rangi ya chai. Nikaunda kikosi kazi. Kikosi kazi kikafanya upembuzi yakinifu, kikaandaa semina ya siku nne, na kikaja na Awamu ya Kwanza, iliyoitwa Weupe kwa Wote. Katika awamu hiyo vikinga vyote arobaini vilivyokuwa katika stoo yetu viliroweshwa siku nzima ndani ya dawa kali ya kutoa madoa. Matokeo yalikuwa ya kihistoria. Vilitoka vikiwa vya njano, nyuzi zikakatika, na mpira ukawa unamomonyoka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai. Hata hivyo tathmini yetu ilionyesha kwamba madoa yote yaliondoka kwa asilimia mia moja, kwa sababu yaliondoka pamoja na kitambaa. (Makofi kutoka kwa Bodi.)

Hatukukata tamaa. Awamu ya Pili iliitwa Weupe Endelevu. Tulichukua vikinga vilivyosalia, tukavipaka rangi ya ukutani, tabaka mbili, na kuvianika juu ya bati saa saba mchana. Vilikuwa vyeupe, jamani, vyeupe kuliko meno ya mjumbe wa Bodi! Vikawa pia vigumu kidogo. Siku ya gwaride farasi wetu walipita mbele ya wageni kama watu waliovalishwa mabomba ya maji, na gazeti moja likaandika kwamba tumebuni mwendo mpya. Nililikata lile gazeti, lipo ofisini kwangu ndani ya fremu.

(Vicheko. Mjumbe mmoja wa Bodi anafunga mdomo kuficha meno.)

Ndipo tukafika Awamu ya Tatu, ambayo nasema bila kujisifu, ingawa naona hakuna mwingine atakayenisifu ipasavyo, ilitoka kichwani mwangu mimi mwenyewe, nikiwa naoga. Nilijiuliza: adui wa kikinga cheupe ni nani? Ni matope. Na matope yanatoka wapi? Yanatoka kwa farasi. Nikatoa Waraka Namba Kumi na Saba, unaoelekeza kwamba vikinga vyeupe visivalishwe farasi siku ya mvua, siku baada ya mvua, wala siku yenye dalili za mvua, bali vikae ndani ya kabati la vioo, na saisi anayevihitaji ajaze fomu siku kumi na nne kabla ya farasi wake kujigonga. Tangu waraka huo utoke, weupe wa vikinga umepanda hadi asilimia tisini na nane nukta nne!

(Makofi mazito ya Bodi. Masaisi wamekunja mikono.)

(Daktari: "Na farasi waliojeruhiwa je, Mheshimiwa?")

Hao wamepanda pia, daktari, kila kitu katika idara hii kinapanda. Ila nikumbushe kwamba majeraha hayo farasi wamejipiga wenyewe. Idara haijampiga farasi hata mmoja.

Sasa nije kwenye vikinga hivi viwili. Wageni mtaona vina umri wa miaka sita, navyo havikuwa stoo wakati wa awamu zetu, vilikuwa kwa Mama Saisi. Miaka sita, waheshimiwa! Vimetoka kwenye matope mara nyingi kuliko mimi nilivyotoka kwenye vikao, na tazameni: vyeupe, laini, mshono umeshika. Wataalamu wetu wamechunguza siri yake kwa miezi minane, na leo nitaitangaza kama teknolojia ya kituo hiki. Kwanza, matope hayafutwi yakiwa mabichi, kwa sababu ukiyasugua mabichi unayaingiza ndani ya kitambaa. Yanaachwa yakauke, kisha...

(Mama Saisi: "Kisha unayapukuta kwa brashi laini! Si nilimwambia katibu wako mwenyewe, akiandika!")

Kisha yanapukutwa kwa brashi laini, kama utafiti ulivyobaini. Pili, mikanda ya kunata inafungwa kabla ya kufua...

(Mama Saisi: "La sivyo inadaka kila unywele wa banda zima, na kesho haishiki.")

Inadaka nywele, sahihi. Tatu, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kidogo tu, kisha suuza hadi maji yatoke safi, kwa sababu sabuni ikibaki ndani inamla farasi ngozi. Nne, kuanika ni kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu jua ndilo linaloleta ule unjano na kuukausha mpira. Na tano, Mama Saisi, la tano lilikuwa lipi?

(Mama Saisi: "Mguu, baba. Unaupangusa mguu kwanza. Ukifunga kikinga juu ya vumbi, umemfunga msasa. Kinachafuka kwa ndani, kinachakaa, na mnyama anachubuka. Kiatu safi kinaanzia kwenye mguu safi.")

Kabisa. Hilo tumelipa jina la Mfumo Jumuishi wa Usafi Tangulizi.

(Mama Saisi, akitabasamu kwa mara ya kwanza: "Mheshimiwa mwanangu, umeeleza vizuri, hata mwalimu hakufikii. Ila hawa wageni hawajaona vikivaliwa. Mimi nachelea wataondoka wakidhani ni kofia.")

(Vicheko virefu. Mgeni mmoja, aliyekuwa akidhani hivyo, anainamisha uso.)

Hoja nzito hiyo. Hoja nzito sana. Mafunzo bila vitendo ni maneno matupu, nami siku zote nimepinga maneno matupu. Katibu, mpe Mama Saisi vikinga. Mama, njoo na Shangazi hapa mbele, uvivalishe taratibu, mimi nitakuwa nikifafanua kila hatua.

(Mama Saisi anafika na Shangazi. Anapangusa miguu ya farasi kwa kitambaa kikavu, mguu wa kushoto kwa uangalifu zaidi.)

Mnaona, hapo analainisha malaika, yaani vile vinywele vya mguuni, yalale upande mmoja. Sasa anaweka kikinga juu kidogo ya mahali pake, anakishusha ili malaika yasisimame, na anafunga mikanda kutoka mbele kwenda nyuma, isibane wala isilegee, kidole kimoja kiweze kupenya. Na hapa nigeuke kidogo niwaangalie wajumbe wa Bodi, kwa sababu jambo hili la kidole kimoja lina historia ndefu. Mwaka ule nilipohudhuria kongamano, tulijadiliana kwa siku mbili kama ni kidole cha shahada au cha kati, na mimi ndiye niliyependekeza iundwe kamati ndogo...

(Mama Saisi anamkonyeza daktari. Daktari anafungua lango la uwanja. Shangazi anatoka kwa madaha, vikinga vikimeremeta, Mama Saisi pembeni yake. Masaisi wanapiga makofi kwa nguvu.)

Asanteni, asanteni sana, sikujua kama kamati ile ndogo ingewagusa kiasi hiki. (Makofi yanaendelea. Mkurugenzi Mkuu anageuka.) Katibu. Vikinga viko wapi?

(Katibu: "Vimeondoka, Mheshimiwa." "Na nani?" "Na miguu." Kutoka uwanjani, matope yanasikika yakirukaruka.)

Viitwe virudi! Vitachafuka! Vinatakiwa viingie kituoni mara moja, viwe vya kwanza kufuliwa kwa mashine mbele ya wageni!

(Mama Saisi, kwa mbali, bila kugeuka: "Mashine ipi, mwanangu? Vitafuliwa jioni kwenye beseni langu!")

Naam. Naona muda umetutupa mkono, nami nisingependa kuwachosha. Tusimame wote tuitikie kauli mbiu yetu. Nikisema "Vikinga vyeupe!" semeni "Idara safi!" Vikinga vyeupe! (Bodi: "Idara safi!" Masaisi: "Shangazi mzima!") Weupe oyee! (Bodi: "Oyee!") Utepe umekatwa, na Kituo kimefunguliwa rasmi.

Kwa kuhitimisha, naishukuru Bodi kwa imani yake. Namshukuru katibu wangu kwa kuandika. Nawashukuru wenye ghala la nyasi kwa kutuazima ukuta wao wa nyuma kwa siku moja, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi rangi, ambaye tangu alfajiri ametuchorea mlango, madirisha sita na paa, kwa ustadi ambao umenifanya mimi mwenyewe, nilipofika, nibishe hodi. Asanteni kwa kunisikiliza, na wakati wa kutoka tafadhali msiegemee kituo, rangi haijakauka.