Mwanasayansi Mkuu wa Mamlaka ya Maji

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji aliposimama ukumbini na kutangaza kwamba Mamlaka imeingia rasmi katika Zama za Data, wafanyakazi walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hakuna aliyejua zama za zamani zimeishia wapi, lakini chai ilikuwa tayari mezani.

"Mitaa ya juu haina maji," alisema Mkurugenzi, kwa uchungu wa mtu mwenye tangi kubwa nyumbani. "Maji yanatoka mtamboni, hayafiki. Yanakwenda wapi? Data itatuambia!"

Kisha akamgeukia afisa ajira. "Wewe utatutafutia watu wa data. Haraka."

Afisa ajira aliitikia, "Sawa, mzee," akarudi ofisini kwake na kushika tama. Alikwisha kuajiri mafundi bomba, madereva na walinzi, lakini mtu wa data hakuwahi kumtia machoni. Na jambo lenyewe lilimgusa. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, aliishi huko huko mitaa ya juu, na kila asubuhi alimpigia simu.

"Mwanangu, leo nimeoga kwa kikombe," alisema shangazi. "Kesho nitaoga kwa dua."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni afisa ajira, ingawa kwa shangazi hayakufika hata mguuni. Mchana akamfuata rafiki yake aliyesoma naye, ambaye sasa alikuwa mchambuzi wa data benki.

"Mhandisi wa data anazikusanya data kutoka kila kona," rafiki alimweleza huku wakila. "Anazisafisha, anaziweka pamoja. Mchambuzi kama mimi anazisoma, anakwambia nini kimetokea na wapi. Mwanasayansi wa data anatumia ya nyuma kukisia yajayo. Za kwenu zikoje?"

"Kanda moja inaandika kwenye kompyuta. Nyingine inatuma kwa simu. Ya tatu..." Akasita. "Ya tatu, msimamizi anazo kichwani."

"Kichwani?"

"Na yuko likizo."

Rafiki alicheka mpaka akapaliwa. "Basi anza na mhandisi. Akishaweka mambo sawa, lete mchambuzi. Mwanasayansi mwache kwanza, la sivyo utamlipa ahesabu vigae vya dari."

Afisa ajira akayafikisha hayo kwa Mkurugenzi kama alivyoyapokea.

"Huyo mhandisi anafanya nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Anajenga mabomba ya kupitishia data, mzee."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, hii ni Mamlaka ya Maji. Mabomba tunayo. Na huyo mchambuzi anachambua nini, mchele?"

"Hapana, mzee, ana—"

"Yupo mwingine?"

"Yupo mwanasayansi, lakini—"

"Huyo! Lete watatu."

Wanasayansi wakaja, wamesoma hasa, na siku ya kwanza wakaomba data. Wakaelekezwa kwa msimamizi aliye likizo. Wakasubiri. Mamlaka ikatoa taarifa kwamba Kitengo cha Data kiko katika hatua ya juu ya tafakuri ya kimkakati.

Mkurugenzi alipodai matokeo, wanasayansi walijifungia chumbani, wakatoka na utabiri: kesho mitaa ya juu haitakuwa na maji. Kesho yake, kweli, hayakuwepo. Wakatabiri tena, ikawa vilevile.

"Hatujakosea hata mara moja!" alishangilia Mkurugenzi, akaamuru utabiri usomwe redioni kila asubuhi. Shangazi aliusikiliza akiwa na ndoo tupu mkononi.

"Huyo mtabiri wenu ni hodari," alimwambia afisa ajira kwenye simu. "Muulize basi, nitafua lini?"



Sifa zikafika wizarani. Wageni wakubwa wakaja, wakampita Mkurugenzi mlangoni kama pazia, wakaenda kuwashika mikono wanasayansi. Mkurugenzi akavimba. Wageni walipoondoka tu, akamwita afisa ajira.

"Haiwezekani wa chini yangu awe na cheo kinachosikika kuliko changu. Kuanzia leo mimi ni Mwanasayansi Mkuu wa Data. Iandikie Wizara."

"Na cheo cha Mkurugenzi, mzee?"

"Kivue. Mtu havai kofia mbili."

"Mzee, una hakika?"

"Andika!"

Aliandika, mzee akatia sahihi kwa mbwembwe. Jibu la Wizara halikuchelewa. Ilimpongeza Mwanasayansi Mkuu kwa kujishusha kwa hiari ili kuitumikia sayansi. Na kwa kuwa kiti cha Mkurugenzi kimebaki wazi, afisa ajira, ambaye ndiye aliyeiandika barua, akikalie mara moja.

Afisa ajira alikikalia. Siku hiyo hiyo akatangaza nafasi ya mhandisi wa data. Mhandisi, mwanamke asiyependa maneno mengi, akamrudisha msimamizi kutoka likizo, akamtoa takwimu zote kichwani na kuziunganisha na zile za kanda nyingine. Mchambuzi alipoajiriwa baadaye, alizitazama akakuna kichwa: maji yalikuwa yakiishia kwenye bomba la kiwanda kilichofungwa zamani, yakimwagika chini ya sakafu. Mafundi wakalifunga.

"Mwanangu!" shangazi alipiga kelele kwenye simu. "Yamekuja! Nimelowa mpaka kilemba!"

Mkurugenzi mpya alikuwa bado akifuta machozi ya kicheko mlango ulipogongwa. Aliingia Mwanasayansi Mkuu, mikono nyuma.

"Samahani, Mkurugenzi. Nilitaka kujua, hasa hasa, kazi yangu ni nini?"

"Kukisia yajayo, mzee."

"Na yangu mimi... unayaonaje?"

"Hilo ndilo tunalotaka utuambie," alijibu kwa heshima zote. "Andika ripoti, umpelekee mhandisi. Ndiye mkuu wako."