Nyembe Nne na Msumeno wa Baba

Jumatatu, 12 Desemba 1983. Runzewe.

Naahidi kueleza kila kitu katika daftari hili, hata yatakayoniaibisha, ingawa sitarajii yawe mengi.

Msumeno wa injini wa Baba umegoma. Kamba imevutwa tangu asubuhi, hata kikohozi hakuna. Kibali cha kuvuna miti ya mininga kinaisha Jumamosi. Ba'mdogo Bujiku ameshauri tuuache upumzike. Kana kwamba ni maksai!

Mimi nina shida yangu. Nina fomu ya kuhamia mchepuo wa ufundi na Baba hataki kuitia sahihi. Anasema Sayansi Kimu inanitosha. Mwaka mzima tumejifunza kupamba keki bila kuuona unga wa ngano. Nikamwambia nikiuwasha msumeno kabla ya Jumamosi kuisha, asaini. Alicheka mpaka akakaa chini. Akakubali kabla hajamaliza kucheka.

Jumanne, 13 Desemba.

Nimefungua plagi, nikaigusisha na chuma cha injini huku ikiwa bado imevaa kofia ya waya wake, Ba'mdogo akavuta kamba. Cheche hakuna. Mwalimu Scolastika wa shuleni alitufundisha kwa pikipiki yake: plagi ikiwa safi na cheche haipo, nenda kwenye pointi, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana chini ya gurudumu la sumaku. Nimelifungua gurudumu. Pointi zinaogelea kwenye samli!

Ba'mdogo hakuona haya. Alisema yeye hupaka samli baiskeli, viatu na pembe za ng'ombe, na mwaka jana alipaka hata redio, na hakuna kilicholalamika. Ni kweli. Redio haijasema neno tangu siku hiyo. Nikamweleza kwamba umeme haupiti kwenye samli.

"Basi huo umeme ni mkaidi, mayo, mama yangu," alisema. "Vitu vingine vyote huteleza humo."

Na huyu ndiye anayehesabiwa kuwa mtu mzima.

Jumatano, 14 Desemba.

Pengo kati ya pointi lazima lipimwe. Kipimo hatuna. Lakini nyembe nne zikibanwa pamoja zinatoa unene uleule unaotakiwa, hilo nalijua na Runzewe nzima haijui. Dukani nyembe zilikwisha Agosti. Nimechukua mbili za Baba, moja ya Ba'mdogo, na moja nimeazima kwa katekista Onesmo. Aliuliza kama ni kwa kazi ya Mungu. Nikajibu kwamba inakaribiana.

Alhamisi, 15 Desemba.

Siku ya ushindi, karibu.

Nimeosha pointi kwa petroli, nimezisugua kwa msasa laini, nimepima pengo kwa nyembe nne. Sawasawa! Kilichobaki ni kupitisha karatasi safi katikati ya pointi ili ifute mafuta ya mwisho. Karatasi za madaftari yangu ni za kahawia na zina manyoya. Karatasi nyeupe na ngumu nyumba hii ni moja tu, fomu yangu. Nikakata ukanda mwembamba chini, ambako kwa nyuma hakuna maandishi. Mtu mwenye akili hutumia alichonacho.

Nikarudisha gurudumu, nikakaza nati, nikavuta kamba mara arobaini na moja. Kimya. Plagi ni mbovu, bila shaka. Au sumaku. Au Ba'mdogo alipita karibu.

Ijumaa, 16 Desemba.

Baba amenyoa shavu moja tu, wembe mkuukuu uliobaki ukamshinda. Hakuniomba nijaribu tena. Badala yake amemwita Akida, fundi redio kutoka Kambarage aliyekuja gulioni. Zana zake zimo ndani ya kopo la maziwa! Nikampa shikamoo fupi. Akaitikia marahaba ndefu, akasema atakuja kesho akishaswali alfajiri. Nimemdharau mapema ili kesho nisipoteze muda.

Jumamosi, 17 Desemba.

Akida alifungua gurudumu, akainama, akacheka peke yake. Akachomoa kitu kwa koleo dogo, akampa Baba. Ukanda wa karatasi ulikuwa umenasa katikati ya pointi, zisiweze kugusana. Baba aliugeuza, akasoma yaliyochapishwa upande wa pili: Sahihi ya Mzazi au Mlezi.

"Mageni," alisema, "ulitaka msumeno ndio ukusainie?"

Ba'mdogo alilazimika kushika mti asianguke kwa kicheko.

Akida akarudisha gurudumu, akavuta kamba mara mbili. Msumeno ukanguruma! Kuku wakahama. Baba akamshukuru Akida kwa kuuponya. Niliona mchepuo wa ufundi ukiondoka na kopo lile la maziwa.

"Mimi nimetoa karatasi tu, Baba Mageni," Akida alisema. "Kazi ni ya binti. Hilo pengo, hata mimi nisingelipatia vile."

Baba alinigeukia, shavu moja safi, moja na ndevu. Kisha akaomba kalamu, akasaini palepale juu ya ukanda wenye mafuta, akaenda kukata mininga yake.

Lazima niseme ule ukanda ulisukumwa na upepo.

Jumapili, 18 Desemba.

Nimeubandika ukanda kwenye fomu kwa ugali wa jana. Unashika vizuri, ila panya wasijue. Akida si mjinga kama nilivyodhani, lakini kopo bado ni kopo.

Nimemwandikia Mwalimu Scolastika kwamba shule ikifunguliwa nitaitengeneza pikipiki yake, ile inayozimika njiani. Nyembe ninazo, sijazirudisha. Karatasi ya kufutia nimeshaipata mahali. Barua itaondoka na basi la kesho, na nanakili hapa mstari wake wa mwisho:

Mwalimu, tafadhali nijibu kwa basi hilohilo likirudi: ule ukurasa wa pili wa fomu, wa daktari, unahitajika wote?